Ndoo ya Rangi ya Lucien Chanda

Asubuhi ya mvua ya kwanza tulikuwapo hawa. Constantin Kalonji Mutombo, aliyefanya kazi miaka mingi katika uwanja wa ndege wa Luano, upande wa mizigo. Kwa kuwa ofisi ya hali ya hewa ilikuwa mlango wa pili, watu walimpa jina la Météo, naye hakulikataa. Ruphin Tshibangu, aliyesoma sheria bila kufika mwisho, na sasa anauza vipuri vya pikipiki. Huyo ni Avocat, yaani Wakili. Asumani Yusufu, mzaliwa wa mji huu lakini wazee wake wa Kasongo, Maniema, mwenye birika, vikombe na kahawa ya tangawizi. Wanamwita Sultani, ingawa kiti chake ni kigoda. Lucien Chanda, fundi umeme aliyestaafu, mtoto pekee wa Mama Marie-Thérèse Mwape aliyebaki Lubumbashi. Jina lake la kijiweni ni Demain, yaani Kesho, na sababu yake itaonekana. Na mimi, Adrien Ngoie, ambaye wananiita État-Civil, kama ofisi ya kuandikisha majina, kwa sababu napenda mtu aitwe kwa jina lake. Tulikaa juu ya mbao nene ya reli, chini ya bati la duka lililofungwa, hapo Makomeno. Katikati yetu ilikuwapo ndoo ya rangi nyeupe, haijafunguliwa, na juu ya kifuniko chake vikombe vya Asumani.

Ndoo hiyo ni ya Lucien. Aliinunua mjini wakati wa kiangazi, baada ya muuguzi kumwambia kwamba ukungu ulio kwenye ukuta wa chumba cha mama yake haufai kwa kifua cha mgonjwa. Mama Marie-Thérèse ana kikohozi cha siku nyingi na miguu haimbebi tena. Siku nzima yuko kitandani, uso ukutani. Lucien alikuwa anaipeleka ndoo nyumbani. Ilikuwa nzito, akaiweka chini ili anywe kikombe kimoja. Constantin akamuuliza ni nini. Tangu siku hiyo ndoo haikuinuka. Asumani aliona kifuniko kiko sawasawa, akaweka vikombe, na hivyo kijiwe kikapata meza.

Asubuhi hiyo ya mvua Lucien hakukaa. Alisimama mbele ya ndoo, koti limelowa mabegani.

— Leo minabeba ndoo yangu, alisema. Mama alikohoa usiku muzima. Ile chumba nitapakala leo.

Constantin alitoa mkono nje ya bati, akapokea matone kiganjani, akayaangalia kama mtu anayesoma.

— Demain, kaa kwanza. Mvua inanyesha. Ukuta iko unakunywa maji. Muntu iko anakunywa, we unamupakala mafuta ku mugongo?

— Ni ndani, Météo. Mvua haiingii ndani.

— Maji ya mvua haiingii. Lakini hewa yake inaingia. Hewa haina haja ya mulango.

Ruphin alisema hilo lina uzito, ingawa nadhani hakulielewa. Basi Constantin akaanza kutueleza upya mwaka mzima, na sisi tukasikiliza upya, kwa sababu kahawa ilikuwa bado moto. Mwezi wa sita na wa saba hapana: baridi ya Katanga inashika rangi kifuani, na yale mapovu mnayoyaona ukutani ndiyo kikohozi chake. Mwezi wa nane hapana: vumbi jekundu linapita chini ya mlango, unapaka nyeupe asubuhi na jioni una ukuta wa matofali tena. Mwezi wa kumi hapana kabisa: joto linakausha rangi kwenye brashi kabla haijagusa ukuta, na mtu anabaki akisugua ukuta kwa kijiti. Na mvua, tumekwisha kuisikia.

Nilimuuliza, kwa heshima, wakati mzuri ni upi basi.

— Kuko wiki moja, alisema Constantin. Kati ya vumbi na mvua. Hewa inasimama, ukuta unapumzika. Bazungu ba ku Luano balikuwa banaijua.

— Na wiki hiyo iko wapi?

— Ilipita. Ilikuwa wiki ya jana. Hamukuisikia?

Tulitazamana. Hakuna aliyekubali kwamba hakuisikia.

Asumani Yusufu, akiwa anafuta vikombe, alisema kwamba Constantin anatazama mawingu tu na kusahau kilicho juu ya mawingu. Babu yake, fundi aliyepaka nyumba za Kasongo, hakufungua chombo cha rangi bila kutazama mwezi. Mwezi mwandamo, ukuta unakunywa. Mwezi mpevu, ukuta unatapika. Ukipaka siku ya mwezi mpevu, baada ya muda rangi yote iko chini kama nguo iliyovuliwa. Lucien akamuuliza leo mwezi uko wapi. Asumani akajibu kwamba kwa mawingu haya hauonekani, na hilo peke yake ni jibu.

— Sultani, we unaogopa meza yako itaenda, alisema Lucien.

— Meza ni meza, ndugu yangu. Mimi nasema tu, haraka haraka haina baraka.

Nilimkumbusha kwamba ndoo iko hapo tangu kiangazi.

— Njo vile, État-Civil. Na bado ni haraka.

Ruphin alikuwa amengoja zamu yake. Aliweka kikombe chini, akafunga vifungo vya koti kama mtu anayesimama mbele ya baraza. Kwake mvua na mwezi ni mambo madogo. Nyumba ile ni ya marehemu baba yake Lucien. Ndugu zake wako Likasi, Kolwezi na mmoja Kinshasa. Na mtu anayepaka rangi ndani ya nyumba ya urithi ametangaza kwamba nyumba ni yake. Nje, hapana, nje ni ya mvua na ya wapita njia. Lakini ndani ni umiliki. Kwa hiyo wakati mzuri wa kupaka ni siku warithi wote wamesimama ndani ya chumba, kila mmoja ameshika brashi, nao wanaanza pamoja, kila mtu ukuta wake.

— Chumba iko na kuta ine, alisema Lucien. Siye tuko batano.

— Wa tano anapakala plafond, kule juu, alisema Ruphin. Na kwa ile nyufa ya ukuta, usiguse. Wazee walisema: asiyeziba ufa atajenga ukuta. Maana yake nini? Usizibe ufa, utapata ukuta mupya.

Asumani, ambaye methali hiyo aliipata kwa babu yake ikiwa na maana nyingine, alitazama ndani ya birika kwa muda mrefu.

Hapo tungeweza kucheka na kwenda zetu, na Lucien angebeba ndoo yake. Alikwisha kuinama na kuondoa kikombe cha kwanza. Lakini Constantin alimshika mkono, na sauti yake ikashuka.

— Mwana, mambo ya mwezi ni ya kuongea tu. Nikuambie ile yenyewe. We uko na mugonjwa ndani ya nyumba. Bantu bataona rangi inaingia. Batasema nini?

Lucien alirudisha kikombe mahali pake.

Msomaji asiyekaa mtaani kwetu lazima aelezwe. Kwetu, ndani ya nyumba hakupakwi rangi kwa kupenda. Kunapakwa kwa wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni wajumbe wa mahari, wakija kuomba binti: hao hawawezi kuketi mbele ya ukuta wenye alama za mikono ya watoto. Wa pili ni watu wa kilio. Maiti iko morgue hospitalini, jamaa wanangojwa kutoka Mbuji-Mayi na Kananga, na katika siku hizo za kungoja vijana wa familia wanatoa viti vya salon, yaani sebule, na kupaka ukuta, ili yule anayerudi mara ya mwisho akute nyumba safi. Kwa hiyo jirani akisikia harufu ya rangi, anauliza kwanza kama kuna binti. Nyumba ya Lucien haina binti. Ina mama mgonjwa.

— Batasema Demain ameanza kutengeneza kilio cha mama yake, na mama iko anapumua, alisema Constantin. Na yeye mwenyewe atasikia harufu. Atajua unamuhesabia. Ile ndoo, ukiingiza, umemufungulia mulango.

— Mficha maradhi, kilio humfichua, alisema Ruphin, na mara hii methali ilikuwa karibu kukaa mahali pake, ikatutisha zaidi.

Lucien aliketi. Ni mtu mwema, na hofu yake ilikuwa ya kweli: upande mmoja ukungu unamkohoza mama yake, upande wa pili mtaa mzima utasema mwana anamharakisha. Aliuliza kwa sauti ndogo kama mtu anaweza kupaka usiku, au kupaka kidogo kidogo, leo nyuma ya mlango, kesho chini ya dirisha. Asumani akasema harufu haigawanyiki. Ruphin akapendekeza aazime binti wa mtu, akae mlangoni amejipamba mpaka rangi ikauke. Tulilijadili hilo kwa dakika kadhaa, na naona haya kusema kwamba tulifika hadi kumchagua binti.

Wakati huo alifika Cathy Kalonji, mtoto wa mwisho wa Constantin, mwavuli mkononi. Hakukaa nasi kijiweni. Alikuja kumwita baba yake.

— Papa, dawa yako ya tension, ile presha. Uliacha tena ku meza.

— Nakuja. Tuko na kazi.

— Kazi gani?

Tulimweleza, kila mmoja kwa upande wake, mvua, mwezi, warithi na kilio. Cathy alisikiliza akiwa amesimama, maji yakimtiririka kutoka kwenye mwavuli. Alitazama ndoo. Kisha akamuuliza Lucien, bila utani wowote:

— Na Mama Marie-Thérèse, ye anasema nini?

Lucien alimtazama Constantin. Constantin alimtazama Ruphin. Ruphin alimnyooshea Asumani kikombe chake.

— Chumba ni yake, Papa Lucien. Anataka rangi? Hataki?

— Sikumuuliza, alisema Lucien. Niliogopa kumuuliza.

— Bon, alisema Cathy. Papa, dawa. Hata kwetu unasemaka tungoje. Salon yetu inangoja tangu mama alikuwa hai.

Constantin akasema salon yake ataipaka wakati wake ukifika, yeye ndiye anayeujua. Asumani aliinamisha birika juu ya kikombe cha Ruphin. Yalitoka matone mawili na vipande vya tangawizi. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Lucien aliniomba niende naye. Nadhani aliniomba mimi kwa sababu sisemi sana. Tuliacha ndoo, tukaenda.

Mama Marie-Thérèse Mwape alikuwa ameketi kitandani, mito miwili mgongoni, shali begani. Ni mwanamke mwembamba, macho makali. Nilimsalimu, akanijibu kwa jina langu lote, jambo ambalo watu wachache hunifanyia. Lucien alizungukazunguka kwa maneno. Aliuliza kama amelala vizuri, kama amekula, kama mvua inamsumbua. Kisha akasema, huku akitazama viatu vyake, kwamba kuna rangi kidogo aliyopata, na kama mama hataona vibaya, na kama si sasa basi siku nyingine.

— Njo leo munaniuliza? alisema mama. Ile ndoo ninaisikia tangu kiangazi. Kila muntu anakuja kuniona ananiambia ndoo yako iko inakunywa kahawa.

Akainua kidole, akaonyesha ukuta ulio mbele ya kitanda. Pale juu, maji yalipopenya, kulikuwa na doa kubwa jeusi.

— Papa Adrien, we unajua majina ya bantu. Angalia pale. Kichwa. Pua. Na kile kilemba. Ni nani?

Niliangalia. Singesema neno kama nisingekuwa na hakika. Lakini pua ile niliijua, na namna ya kilemba kuegemea sikio la kushoto.

— Benita Chola, nilisema.

— Njo yeye. Mama-mukwe wangu. Tangu niliolewa aliniangalia vile, kama mimi minamuibia chumvi. Alikufa, tukamulilia, nikasema bon, imekwisha. Sasa amerudi. Na kila mvua ananona.

Lucien alikuwa ametazama doa hilo miaka mingi bila kumwona bibi yake. Sasa alimwona, akavua kofia.

— Mama, bantu batasema tunatengeneza kilio.

— Bantu. Alikohoa, tukangoja. Mwanangu, mi siogopi kufa. Minaogopa kufa huyu iko ananiangalia. Mupakale.

— Nitapakala. Rangi ni nyeupe, muzuri.

— Nyeupe mupeleke ku morgue. Mi nataka manjano. Kama ndizi yenye kuiva.

— Na mvua, Mama? Haitakauka.

— Iko na dirisha, hapana? Mufungue.

Tulikuwa mlangoni tayari, alipotuita tena.

— Na bantu bakiuliza ni rangi ya nini, museme kuko bajumbe banakuja. Banakuja kunioa.

Lucien aliichukua ndoo kijiweni, akatia rangi ya manjano ndani ya nyeupe, akakoroga mpaka mama yake, aliyeletewa kijiti kitandani, aliposema basi. Kitanda kilihamishiwa salon. Ruphin alikuja kuhakikisha kwamba hakuna mrithi anayedhulumiwa, akapewa brashi, na kumbe anapaka vizuri. Alianza kwa kuziba nyufa zote, bila kutaja methali yoyote. Asumani alileta kahawa mara mbili, akiilaumu meza yake mpya, ambayo ni tofali na inayumba. Mvua haikukatika. Rangi ilichukua muda wake, kwa kweli muda mrefu, lakini Benita Chola aliondoka kwenye mkono wa pili wa rangi: kilemba kwanza, pua mwisho.

Constantin alikuja mama alipokwisha kurudishwa chumbani. Alipanda ngazi ya mbele polepole, akasimama kidogo mlangoni kupumua. Alivua kofia, akamsalimu mgonjwa, akanusa hewa. Kisha akaenda moja kwa moja ukutani na kuweka kidole gumba juu ya manjano. Kilipotoka, alama ilibaki, mistari yake yote ikionekana.

— Nilisema, alisema. Haikauki.

Lucien alichukua brashi afute alama ile. Mama Marie-Thérèse alimzuia.

— Acha. Mujumbe amesaini.

Ruphin ndiye aliyeelewa kwanza, akalazimika kutoka nje. Constantin ni mjane, na mama ni mjane, na rangi ni ya mahari. Constantin alitazama kidole chake cha manjano, akatutazama, halafu akacheka, kicheko cha chinichini, mpaka akatafuta kiti. Mama alicheka pia, akakohoa, akacheka tena. Alimwambia kwamba yeye ni binti wa watu, mbuzi watatu hawatatosha, na mkwe avae suti.

Wakati wa kutoka Constantin alimvuta Lucien pembeni, lakini nilikuwa karibu nikasikia.

— Kama ile manjano inabakia, unibakishie. Kwangu nitapakala. Lakini kiangazi. Mi nafuata wakati.

— Itabakia, Météo. Iko nusu ya ndoo.

Baada ya hapo kijiwe kiliendelea, mvua ikiruhusu. Mama Marie-Thérèse bado anakohoa, ila usiku analala, na sasa anadai korido nayo ipakwe. Majirani walipita kuuliza habari za rangi, wakajibiwa kuhusu wajumbe, wakacheka; hakuna aliyeleta mkeka wa kilio. Nadharia za Constantin zilikuwa zimeanguka zote mbele ya macho yetu, na Ruphin alikuwa na hamu kubwa ya kumwambia hivyo ana kwa ana. Alikuwa ametayarisha hotuba. Siku ya Alhamisi Constantin hakufika. Tukasema ni mvua. Ijumaa tena kiti chake, ule mwisho wa mbao wenye msumari anaoujua yeye tu, kilikuwa wazi. Asumani alimwekea kikombe juu ya tofali.

Cathy alikuja peke yake, bila mwavuli, ingawa kulikuwa na manyunyu. Alitusalimu mmoja mmoja. Kisha akamuuliza Lucien:

— Papa Lucien, ile rangi ya manjano iko?

— Iko, binti. Niliibakisha. Nilimuahidi papa yako.

— Nakuja kuichukua. Batoto ba mukubwa wangu banatoa viti ku salon.

Ruphin, ambaye hotuba yake ilikuwa bado mdomoni, alitabasamu.

— Ah, Cathy. Bajumbe banakuja kwako, na hamukutuambia?

Cathy alisema hapana.

Constantin Kalonji Mutombo alikufa siku ya Alhamisi asubuhi, nyumbani kwake, Makomeno.